Kesi ya Kapteni Braniki

Mume wangu, Cleopas Nyongesa, ni fundi wa televisheni hapa Kawempe, Kampala. Ni mtu mrefu, mpole, asiyejua kukasirika hata pale inapofaa. Mimi Nasike ndiye ninayekasirika kwa niaba yetu wote wawili. Nimemkasirikia mwenye nyumba, nimewakasirikia wateja wanaoleta redio zenye mende ndani, lakini hakuna kitu nilichokikasirikia kwa muda mrefu kama vitabu vyake vya Korvana, na hivyo vitabu kwa miaka mingi havikuwapo hata nyumbani kwetu.

Tulitoka Bungoma tukaja Kampala vita vya themanini na sita vilipokwisha, mji ukiwa unafufuka na kila mwenye jenereta akijiona mfalme. Cleopas akapata kazi ya kuendesha mashine kwenye kibanda cha video cha Zubairi, Mganda mmoja mnene wa papa hapa Kawempe. Kibanda chenyewe kilikuwa mbao na mabati, mabenchi ndani, pazia jeusi mlangoni. Walikuja Wakenya wenzetu, Wakongo, askari wa kambi ya Makindye walio kwenye likizo, na lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili, kila mtu na chake. Kazi ya Cleopas ilikuwa kuweka kanda, kisha kupaza sauti kueleza kwa Kiswahili yanayosemwa kwenye filamu. Yasiyosemwa aliyaeleza pia, kwa moyo mkunjufu.

Shida ilikuwa umeme. Ukikatika, watu walidai kiingilio chao, na Zubairi hakuwa na tabia ya kurudisha kitu kilichokwisha kuingia mfukoni. Ndipo Cleopas alipoleta vile vitabu. Alivipata soko la Owino kwenye belo la mitumba, vimeshindiliwa ndani ya mabuti ya baridi ili yasipoteze umbo. Vilikuwa vitabu vidogo vya Kiingereza, vimeandikwa kufuata kipindi fulani cha televisheni cha ng'ambo, kuhusu meli ya angani iitwayo Korvana na nahodha wake, Kapteni Braniki. Kipindi chenyewe hakuna aliyekiona. Hakikufika Kampala, na Bungoma ndiyo kabisa. Lakini picha ya Kapteni ilikuwa kwenye jalada, amevaa sare ya bluu inayombana tumboni, na watu waliridhika kwamba mtu wa namna hiyo yupo.

Basi giza likiingia Cleopas aliwasha karabai, akafungua kitabu, akaanza kutafsiri. Siku moja nilikwenda kumwita aje nyumbani kula, nikaketi kidogo, nikabaki hadi mwisho. Sikumwambia kwamba nilipenda. Angeharibika. Kapteni Braniki alikuwa na mama mkwe aliyesafiri naye ndani ya meli, mwanamke mkali kupita kiasi, na adui yeyote aliyetokea dirishani alijibiwa na yeye kabla Kapteni hajavaa viatu. Wakongo walimpenda huyo mama mkwe kuliko Kapteni mwenyewe. Pitshou, kinyozi wa Kikongo, alipiga benchi kwa ngumi kila jina lake lilipotajwa.

Halafu kulikuwa na ile ya Luteni Osmo. Kijana huyo alikufa kwenye sayari ya mbali, na Kapteni akakataa kumwacha. Akambeba mgongoni, akavuka mito mitatu ya maji yanayochemka, maadui nyuma, mama mkwe kwenye redio akimtukana aongeze mwendo, mpaka akamfikisha melini na hatimaye kwa mama yake mzazi. Umeme ulikuwa umepotea karibu wiki nzima, kwa hiyo Cleopas aliieleza hiyo safari jioni baada ya jioni. Siku Luteni alipofikishwa kwa mama yake, kibanda kizima kililia, askari wakiwamo. Ambroise, fundi viatu kutoka Butembo huko Kongo, akapanda juu ya benchi. Wiki hiyohiyo jirani yake, mkimbizi kama yeye, alikuwa amezikwa kwenye shamba la watu nje ya mji, na hakuna ndugu hata mmoja aliyejua. Ambroise aliwatazama wote akasema, "Na siye? Siye nani atatubeba?"

Chama cha Korvana kilianza hapo hapo. Ni chama cha kuzikana, kama vilivyo vingine vingi vya wageni mjini hapa: mwenzenu akifa, mnachanga, mnamrudisha kwao. Tofauti ni kwamba chetu kina vyeo vya angani. Zubairi akawa Admirali kwa sababu kibanda ni chake, ingawa yeye kwao ni hatua chache kutoka pale na hangehitaji kubebwa mbali. Pitshou akawa Injinia. Akidi, Mwacholi anayeuza samaki wakavu, akawa Daktari wa Meli. Mume wangu akawa Afisa wa Kitabu. Kwenye mazishi walivaa kitambaa cha bluu begani, na padri mmoja aliwahi kuniuliza hawa ni shirika gani la Kanisa. Nikamwambia amuulize Mungu, mimi ni mke tu.

Na katiba waliandika. Sheria ya kwanza: hakuna mwenzetu atakayeachwa kwenye sayari ya ugeni, kama ilivyoandikwa kitabuni. Sheria ya mwisho: penye ubishi, kitabu kitaamua. Vitabu vyenyewe wakati huo vilikuwa vinaondoka kimoja kimoja. Viwili vililiwa na mchwa, kimoja kililoa mvua, vingine mwuza njugu alivifanya vifuko. Hakuna aliyejali, kwa maana Cleopas alikuwa navyo kichwani, na kila Krismasi aliombwa asimulie, na kila Krismasi mimi niliosha vyombo peke yangu nikisikiliza mama mkwe wa Kapteni akisifiwa kuliko mimi.

Hivyo tukaishi, wengine wakafa, tukawarudisha. Busia, Bungoma, Siaya, Gulu. Halafu akafa Ambroise.

Alianguka kwenye kiti chake cha kazi, kiatu cha mteja kikiwa mapajani. Emérence, mkewe, alipiga simu Butembo kwa mama mkwe wake, mama mzee aitwaye Kahambu. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mtoto wake alitoka nyumbani akitembea, kwa hiyo yeye haamini mambo ya simu. Amwone kwanza. Kila siku alimpigia Emérence kuuliza Ambroise anafika lini. Emérence akaja kwetu, akaketi mlangoni, akakataa hata chai. Alikuwa na swali hilo hilo moja. Roho iliniuma hata nikaanza kufua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Mkutano ukaitwa, na hapo ndipo Obura alipotuingilia. Obura ni Mjaluo, karani wa ofisi moja huko Nakasero, aliyejiunga na chama baadaye sana na hakuwahi kukanyaga kile kibanda. Ni mtu wa kusoma maandishi madogo nyuma ya tiketi ya basi. Si mtu mbaya, nami ilinichukua muda kulikubali hilo. Alisema barabara ya kutoka mpakani kwenda Butembo ina watu wenye bunduki, na haifai kupeleka maiti mmoja tukarudi na wengine. Tena, akasema, Ambroise ameishi hapa miaka ishirini, watoto wake wamezaliwa hapa. Kampala si sayari ya ugeni kwake. Azikwe hapa.

Mchana mzima ukaishia kwenye swali kama Kampala ni sayari ya ugeni. Akidi alisema mahali popote ambapo mtu hununua mboga badala ya kuchuma ni ugenini. Pitshou alisema Kampala kwa jumla ni nyumbani, isipokuwa Kawempe wakati wa mvua. Zubairi aliumia kusikia watu waliokula Idi kwake wakiuita mji wake sayari, akataka hilo neno lifutwe, kisha akakumbuka kwamba yeye ni Admirali. Obura aliwaacha wachoke, akafungua katiba, akasoma sheria ya mwisho. Kitabu kiletwe, akasema. Kitabu kikisema abebwe, yeye mwenyewe atabeba.

Wakakubali. Sheria ni yao.

Na mume wangu, Mungu amsamehe, alifurahi. Mwenzake yuko mochari, mjane yuko mlangoni, naye anafurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna mtu aliyemtuma rasmi kwenda kutafuta vitabu vya Korvana. Alikwenda Nakasero, wanakotandaza vitabu vya zamani kando ya barabara, akazunguka kutwa nzima. Jioni akarudi amekikumbatia kimoja kifuani. Kilikuwa kile kile cha Luteni Osmo, na Kapteni juu ya jalada, tumbo lile lile. Cleopas alinawa mikono kabla ya kukifungua. Sijawahi kumwona akinawa mikono kwa ajili ya kitabu, hata Biblia.

Alianza kusoma akitabasamu. Baada ya kurasa kadhaa tabasamu likasimama. Akarudi nyuma, akaenda mbele, akainua ukurasa kwenye taa, akaunusa.

"Mama Nerima," akaniita kwa jina la binti yetu wa kwanza. "Mama mkwe hayumo."

Nikamwuliza hayumo wapi. Akasema hayumo kabisa, kitabu kizima. Mahali alipopaswa kuwa palikuwa na maelezo ya vali ya injini, kurasa kwa kurasa, jinsi inavyofunguka na jinsi inavyofunga. Yale maongezi marefu ya Kapteni na wazee wa sayari hayakuwapo. Karamu ya mbuzi haikuwapo, na Cleopas alikuwa tayari kuapa kwamba alikumbuka hata upande wa ukurasa ambao yule mbuzi alichinjiwa. Kisha akafika kwa Luteni Osmo. Alisoma, akanipa mimi nisome, kwa kuwa Kiingereza nilikisoma hadi kidato cha nne na macho yangu bado ni mazuri. Ilikuwa mistari miwili. Walimfunika kwa mawe. Kapteni akarudi kwenye meli akaomba kahawa.

Cleopas alisema ni feki. Mji huu una sabuni feki, vipuri feki, hata maziwa feki, kwa nini usiwe na Kapteni feki? Asubuhi akakirudisha Nakasero kulalamika. Mwuzaji alimwonyesha jina la mchapaji, mwaka, mshono wa kurasa, akaapa kwamba ni halisi, na kwa huruma akataka kumbadilishia na kitabu cha mapishi ya keki. Mume wangu akarudi nacho kile kile, anatembea polepole, nami niliyevichukia vile vitabu miaka yote hiyo nikatamani kumpiga mwandishi kwa mwiko.

"Nasike, nilikuwa natafsiri," akaniambia. "Naapa, mimi nilikuwa natafsiri tu."

Nilimwamini. Namjua vizuri; hawezi kudanganya hata fundi mwenzake kuhusu bei ya waya. Nilimshauri awasomee anayoyajua yeye, mito mitatu na yote, maana Kiingereza cha kitabu kizima pale anakiweza Obura peke yake, na Obura ningemshughulikia mimi. Alikataa. Alisema Ambroise hakuwahi kumwekea soli mbovu, naye hatamsafirisha kwa maneno mabovu. Atasoma kilichoandikwa. Nikamwambia yeye ni mpumbavu, nikampigia shati pasi.

Kile kibanda cha zamani siku hizi Zubairi anauzia magodoro. Wanachama waliketi juu ya magodoro yaliyofungwa kwa nailoni, na kila mtu alipojigeuza nailoni ilipiga kelele. Emérence aliketi mbele, kitambaa cha bluu cha mumewe kikiwa mikononi mwake. Cleopas akasimama. Akasoma kwa Kiingereza, kisha akatafsiri, neno kwa neno, bila kuongeza. Walimfunika kwa mawe. Akarudi akaomba kahawa.

Hakuna godoro lililolia. Obura hakufurahi, hilo niliona. Alisema tu, taratibu, kwamba basi imeandikwa.

"Kumbe Kaputeni alimuacha mutu?" Zubairi akauliza. Uso wake ulikuwa umevimba.

Pitshou akaomba radhi, akasimama. "Rudilia kusoma pale pa kahawa."

Cleopas akarudia. Pitshou akataka kujua kama hiyo kahawa ilinywewa kweli au iliombwa tu kwa uchungu. Cleopas akafuata kwa kidole, akasema ilinywewa. Akataka kujua kama palikuwa na sukari. Palikuwa na sukari. Pitshou akaketi.

Sijui ni nani aliyeanza, lakini baada ya muda mfupi suala halikuwa tena kitabu kinasema nini. Suala lilikuwa tabia ya Kapteni Braniki. Katiba inasema mwanachama akikwepa mazishi bila sababu anajibu mbele ya mkutano, na Kapteni alikuwa mwanachama nambari moja, jina lake liko juu kabisa, walimwandika wenyewe chama kilipoanza. Zubairi akafungua kesi. Katiba inasema pia kwamba mshitakiwa asiyekuwepo lazima asemewe, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka, Obura akanyoosha mkono. Yule mtu hawezi kuona sheria imekaa bure.

Naye alimsemea vizuri. Alivua miwani, akasema meli ilikuwa inashambuliwa, vali ya injini imekwama, kuna watu wengine ndani waliotaka kuishi. Kapteni alichagua walio hai. Na kahawa, akasema, mtu mwenye huzuni hunywa chochote kilicho karibu. Wengine wakaanza kutikisa vichwa kumkubali. Nilimwona Emérence akikikunja kile kitambaa, akikikunja tena, na nikajua kwamba Kapteni akisamehewa, Ambroise atazikwa hapa na yule mama wa Butembo ataendelea kupiga simu mpaka naye afe.

Akidi hakusimama. Aliuliza alipokuwa ameketi. "Mama yake Luteni naye aliambiwa?"

Cleopas akatazama ukurasa ule, akatazama unaofuata, akasema hapa haionekani. Obura akavaa miwani, akamwomba kitabu. Akasema lazima iwe mbele, mambo kama hayo huandikwa mbele. Akaketi pembeni juu ya godoro dogo la mtoto, akaanza kusoma kutoka pale kwenda mwisho, na mkutano ukamngojea. Chai ikaletwa, ikanywewa. Obura alipofika mwisho alirudi mwanzo, akasoma mwanzo wote. Chai yake ikapoa. Hatimaye akakifunga, akakaa nacho magotini.

"Hana mama," akasema. "Nimetafuta. Hawakumwandikia mama."

"Mutu gani hana mama?" Emérence akauliza.

 Obura akavua miwani yake, akainuka, akauambia mkutano kwamba mteja wake hana la kujitetea. Kura ikapigwa kwa mikono. Kapteni Braniki akafukuzwa chama, jina lake likakatwa, na kwa pendekezo la karani huyohuyo sheria ya kwanza ikapunguzwa maneno: hakuna mwenzetu atakayeachwa. Ya kitabu yakaondolewa yote.

Tuliondoka kesho yake na gari la kukodi, Ambroise nyuma, sisi mbele tumebanana. Obura alikuja. Alikuwa ameweka karatasi zote za mpakani kwenye bahasha, na kila askari aliyetusimamisha alichoka kabla yake. Wenye bunduki hatukukutana nao, au waliona vitambaa vya bluu wakadhani sisi ni jeshi jingine.  Nilimshika Cleopas mkono pale ambapo watu hawakuona. Nilijua anachowaza: miaka yote ile alijiona amebeba kitu cha watu wengine, kizuri, na sasa kimegeuka kuwa mawe na kahawa.

Butembo tulimkuta Mama Kahambu mlangoni, mdogo, amejifunga kitenge kipya kana kwamba anapokea mgeni. Jeneza likafunguliwa kwa ajili yake. Alimwangalia mwanawe sana, akamnyoosha kola ya shati, kisha akasema haya, sasa ameamini. Hakulia papo hapo. Aligeuka akatutazama mmoja mmoja, wale watu wenye vitambaa, akauliza Kapteni ni nani kati yetu. Alisema Ambroise alimpigia kila Jumapili, na kila Jumapili alimweleza habari za Kapteni wao wa Kampala, yule anayebeba watu.

Tukatazamana. Tulikuwa tumemfukuza wiki hiyohiyo, kwa kura.  Wa kujibu akawa Obura, mtu ambaye hajawahi kusema jambo lisiloandikwa mahali. Alimshika mume wangu bega, akamsukuma mbele.

"Ni huyu, mama."

Yule mama akamwendea. Alikuwa hafiki hata kifuani kwake. Hakumpa mkono. Alizunguka nyuma yake, akaweka viganja vyake viwili mgongoni mwa Cleopas, akaupapasa toka juu hadi chini, polepole.

"Mugongo ingali inakuluma?" akamwuliza.

Mume wangu hajabeba kitu kizito kuliko televisheni maisha yake yote. Alikuwa analia waziwazi, na hakuna aliyemcheka.

"Kidogo, mama," akasema. "Kidogo tu."